Mashavu ya Mpapura

Likombe, Jumapili

Zena mwanangu,

Mimi baba yako ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kutia mguu katika bandari ya Mtwara, na anayebisha alete ya kwake tuipime. Waya wa winchi umewahi kukatika juu yangu, ukachukua kofia, kichwa ukakiacha. Nimeshuka bandari ya Nacala, nchi ya watu, bila karatasi hata moja, askari akanishika, akaniangalia weee, akasema nimefanana na shemeji yake aliyepotea, akaninywesha chai na mkate. Mombasa nimekaa, Bombei nimetembea na kandambili nikarudi na viatu. Na kubwa kuliko yote: ini lako lilipokauka ukiwa darasa la nne, katika ukoo mzima, kuumeni na kukeni, lililofaa lilikuwa langu mimi. Kupimwa mara moja tu, daktari kashika karatasi, kasema ni huyu huyu. Wakanikata kipande, wakakutia wewe, langu likaota tena kama mkia wa mjusi. Kwa hiyo unatembea na kipande cha mtu wa bahati humo tumboni. Haya nimeyasema kijiweni, bandarini, nje ya msikiti watu wakivaa viatu, na kwenye misiba ya marehemu nisiowajua.

Sasa hivi mama yako anakufungia begi na kubishana na blanketi ambalo halitaki kuingia. Habari za baridi ya huko shuleni Songea, za kufuli la sanduku, za kutokupokea chakula cha mtu usiyemjua basi likisimama Tunduru, utazipata kwake mpaka masikio yaote sugu. Mimi hayo simo. Mimi nimekaa hapa mezani na kalamu yako uliyoisahau, na unajua shule yangu: darasa la nne nilikaa ndani, la tano nililisikilizia dirishani. Herufi zikienda upande, wewe zifuate huko huko.

Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu uliporudi kutoka harusi ya rafiki yako Mikindani. Mama yako alikuwa anatoa nguo zako akafue, akakuta kapsuli zako za jioni, zile za kulilinda ini, zote zimo kwenye kikopo, hazijaguswa. Nikakuita uani. Unakumbuka?

"Zena, hizi nini?"

"Baba, nilisahau. Ngoma ilikuwa tamu."

"Ngoma jioni zote?"

Ukacheka ule mcheko wako wa pembeni. Ukaniambia, "Baba bwana, kwani mimi mtoto wa nani? Ini lenyewe hili la bahati. Halina neno."

Na mimi badala ya kukukaripia nikacheka. Nikaenda kijiweni nikawasimulia wenzangu, nao wakacheka, wakasema kweli huyu damu yako. Niliporudi nyumbani nikazihesabu zile kapsuli moja moja. Kesho unapanda basi. Huko shuleni hakuna mama wa kusimama mlangoni na kikombe cha maji mpaka uonyeshe ulimi. Utakuwa wewe na kikopo chako. Ukikosa kapsuli zako kwa kuamini bahati ya baba, ini litaondoka, na wewe pamoja nalo. Sitaki ufe kwa mzaha wangu. Ndiyo maana unaona nimeshika kalamu, mtu ambaye hata salamu za Idi huwa natuma kwa mdomo.

Nianzie India, ulikowekewa ini, maana wewe kule ulikuwa umelala sana.

Daktari wako alikuwa mwanamke mfupi, sari chini ya koti jeupe, miguuni raba kama mcheza mpira. Kiingereza changu ni cha bandarini, kinajua "shusha" na "simama" na matusi machache. Aliyetusaidia ni Mama Rukia, mama wa Mombasa aliyekijua Kihindi kutoka dukani kwa tajiri wake. Yeye alikuwa kamleta binti yake kuangaliwa. Rukia alishawekewa ini miaka kadhaa nyuma, hospitali nyingine, kwa utaratibu wa zamani.

Basi yule daktari akatukalisha, Mama Rukia akawa anatugeuzia maneno. Akasema mwili wa mtoto una askari wake. Hao askari hawajui kwamba ini hili limetoka kwa baba. Wanaloliona wao ni mgeni aliyeingia bila kibali, na watampiga mpaka atoke. Zamani, akasema, dawa kubwa ya kuwatuliza ilikuwa steroidi. Ni kama kuwapiga rungu askari wote, kila siku, miaka nenda miaka rudi. Wanatulia kweli. Lakini rungu halichagui wa kumpiga: linapiga mifupa, linamzuia mtoto kurefuka, linapandisha sukari, vidonda vinakataa kufunga, uso unavimba. "Huyu wa kwenu sitamweka kwenye steroidi," akasema. "Siku ya upasuaji nitampa sindano ya kuwalaza wale askari wakorofi, halafu atakunywa kapsuli hii asubuhi na jioni. Nataka akue kama watoto wengine."

Mama yako akauliza, "Na askari wakiamka?"

"Tukiona wameamka, steroidi zipo kabatini. Ni dawa, si sumu. Tutampa siku chache tutawatuliza. Ila tutakaompa ni sisi." Akaniangalia mimi aliposema hivyo. Sijui alinionaje. Mimi nilikuwa nimekaa na heshima zangu zote.

Mimi nililielewa lile somo kwa winchi. Nikamwambia Mama Rukia amwambie: yaani mzigo ulikuwa unaning'inia kwenye nyaya mbili, sasa wewe umeutoa mmoja kwa sababu ulikuwa unaukata mzigo wenyewe. Umebaki waya mmoja. Daktari akacheka, akapiga meza. "Ndiyo! Mwambie ndiyo. Na waya mmoja mzima unatosha, lakini huo hauna wa kuusaidia." Zena, mimi nimeshusha magunia ya korosho na mashine za watu kwa waya mmoja zaidi ya miaka ishirini. Unatosha kweli. Lakini hujaona mtu wa winchi akisema leo ngoma tamu, waya nitauangalia kesho.

Nikalielewa siku ile, nikatoka nalo kichwani limekaa vizuri. Sasa sikia lilivyonitoka.

Kule wodini Rukia alikuwa na mashavu. Mashavu, mwanangu! Andazi la Ramadhani lililoumuka. Wewe ulikuwa umelala pale shingo kama ya kuku wa mdondo. Mama yake akawa anatutania: "Wenu mbona hivi? Dawa mnapewa zote au za kwenu wanawauzia wengine?" Tulicheka, lakini lilinichoma. Sikumtazama Rukia kimo chake. Sikumwona anavyoshika kiuno akiinuka kitandani, mtoto mdogo kama bibi kizee. Steroidi zilimweka hai, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake, kila Idi mama yake hunitumia salamu. Lakini macho yangu yaliishia kwenye mashavu.

Tukarudi nyumbani. Ukawa unacheza, unakimbia, shuleni unashika namba za mbele, ila mwembamba. Watu wa Likombe unawajua. "Mtoto alipelekwa India akarudi nusu." Nami mtu niliyejisifu kila kijiwe kwamba ini langu limemfufua binti, nikawa naona wanakuangalia wewe kama watu wanavyokagua bidhaa ya tajiri anayedanganya.

Ukafika darasa la sita, mwezi wa sita shule zikafungwa, bibi yako Mpapura akasema wakati wako wa kuingia ndani umefika. Mambo ya unyago ni ya wanawake, ya ndani sikuyajua wala sitayagusa hapa. Ninachojua mimi ni cha nje: siku ya kumtoa mwali, watu wote wanakuja kumtazama. Mwali akitoka mweusi anang'aa, amejaa, khanga imembana, vigelegele vinapigwa mpaka kijiji cha pili, na baba mtu anakaa kwenye mkeka kama bwana shamba. Akitoka mwembamba, hakuna anayesema kitu, na kule kukaa kimya ndiko kunakosema.

Shangazi yako Mwanahawa akaja kwangu kutoka Mpapura uso umemshuka. "Kaka, yule tukimtoa vile, watasema tumemfungia bila chakula. Mbavu zote zinaonekana. Ulipokwenda India kuomba ini, kwa nini hukuomba na nyama kidogo?"

"Anakula?"

"Anakula kuliko sisi. Haionekani inakokwenda."

Nikavaa shati langu la safari, nikaenda mjini kwenye duka la dawa. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mpole, anaongea huku anasugua kioo cha meza.

"Nataka dawa ya mtoto anenepe."

"Anenepe au anawiri, mzee?"

"Kwani tofauti?"

"Kunenepa ni tumbo. Kunawiri ni mashavu."

"Nipe mashavu."

Akauliza, "Ana ugonjwa wowote?" Yule bwana aliuliza, sitamsingizia. Nami nikajibu kwa kifua: "Hana. Mzima kama chuma." Maana ningesema mtoto wangu anatumia dawa kila siku ya maisha yake, ile hadithi yangu ya kumfufua ingekuwa na tundu. Akanifungia vidonge vidogo kwenye karatasi. Sikuuliza jina. Nilikuwa nimekwishamwona Rukia, na moyoni, sitakuficha, nilijua vinafanana na vya nani.

Nikavipeleka Mpapura mwenyewe. Nikamkabidhi bibi yako kwa mikono miwili: "Mama, hizi ni vitamini kutoka India. Kimoja asubuhi, kwenye uji." Bibi yako alivipokea kama amepokea maji ya Zamzam. Yeye kusoma hajui, lakini mkwe wake kasafiri dunia, akaona mkwe hawezi kukosea. Mama yako yeye alikuwa huko huko Mpapura, akaendelea na kapsuli zako za halali, kila asubuhi na jioni anamkabidhi kungwi mlangoni na kusubiri ajibiwe kwamba zimemezwa. Hakujua kwamba nyuma yake mimi nimefunga waya mwingine.

Ulitoka, mwanangu, ukiwa na mashavu ambayo Mpapura haijayaona. Khanga zilirushwa. Shangazi Mwanahawa alipiga kigelegele mpaka sauti ikakatika. Mzee mmoja akaniinamia akasema, "Hamisi, India kweli wanajua." Nikasema, "India na mimi." Nikala wali wa siku ile nimenyoosha miguu.

Na kwa vile vilileta sifa, sikuviacha. Uliporudi Likombe nikawa nakupa mwenyewe. Nikaenda tena dukani, na tena. Yule bwana ananiona mbali anaanza kufunga karatasi.

Ikaanza kiu. Mtungi unajazwa asubuhi, jua likisimama umekwisha. Unaamka kukojoa, unaamka tena. Mama yako akawa anakuta sisimizi wamejipanga chooni. Mguuni ukaota jipu, likapasuka, halikufunga, likaita wenzake. Homa ikapanda. Uso umejaa umeng'aa, na ndani ya uso huo mtoto anatetemeka. Bibi yako alikuwa amekuja kututembelea, akasema, "Baba Zena, mtoto huyu anaumwa na unene wake."

Tukakukimbiza hospitali hapa mjini. Daktari kijana, mtu wa bara, hajakaa Mtwara hata mwaka. Akasoma kadi yako ya India mwanzo mpaka mwisho. Akapima sukari, akainua nyusi. Akauliza, "Mbali na kapsuli hizi, anapata dawa gani nyingine?"

Mama yako: "Hakuna."

Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Bibi yako akasogea mbele na mkongojo wake: "Mwanangu daktari, ipo. Mjukuu wangu anakunywa vitamini za baba yake, za India. Nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe."

Wote watatu wakanigeukia. Nikatoa ile karatasi mfukoni, maana nilikuwa natembea nayo. Daktari akamwaga vidonge kiganjani, akakigeuza kimoja, akasoma maandishi yake. "Mzee, hizi ni steroidi." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

Bibi yako unamjua, mkwe hamtazami usoni. Siku ile alinitazama. "Umenitia uongo mkononi, nikamlisha mjukuu wangu." Basi, hakuongea nami tena mpaka mvua za mwaka ule zilipoanza.

Nikataka kuvitupa vyote chooni palepale. Nikanyanyuka. Daktari akanishika mkono kwa nguvu nisiyoitegemea. "Kaa chini. Ukizikata ghafla unamuua. Mwili wake umeshazizoea, wenyewe umeacha kutengeneza za kwake. Tunashuka polepole, nusu, robo, mpaka tufike chini." Hebu fikiri: kile nilichokitia kwa siku moja kwa sababu ya sifa, hakikutoka kwa siku moja. Nilikaa kwenye benchi pale nikiwa mtu mzima, naelezwa jinsi ya kutoka ndani ya ujinga wangu kwa vipande vidogo vidogo vya kidonge.

Tukampigia yule daktari wa India. Simu za mkononi zilikuwa bado ni za wakubwa, tukaenda kwenye simu ya kulipia, yule daktari kijana ndiye aliyeongea. Baadaye akaniambia, "Anauliza: alikueleza vibaya, au hukumwelewa?"

"Mwambie nilimwelewa."

Akaongea, akasikiliza, akanigeukia. "Anasema basi hilo ndilo baya zaidi."

Nimetukanwa na manahodha wa mataifa yote, Zena. Hakuna tusi lililonikaa kama hilo.

Ulipona. Ulichomwa sindano za sukari kwa muda, vidonda vikafunga, mashavu yakashuka, na watu wakasema mtoto kakonda tena, nami kwa mara ya kwanza nikawajibu, "Ndiyo, mwembamba, na ni mzima." Zile alama za mkaa ninazokupimia urefu kwenye mlango wa jikoni, miezi ile mkaa ulirudi juu ya mkaa, hakuna nafasi kati yake. Halafu siku moja ikaonekana nafasi ndogo, upana wa ukucha. Nikamwita mama yako, nikawaita majirani. Walidhani nimeua nyoka. Leo umempita mama yako, unamkaribia baba, na mguu wako ukipanda basi kesho utakuwa mguu mrefu. Huo urefu ndio yule daktari mwenye raba aliokupangia, nami nilitaka kuubadilisha kwa vigelegele vya mchana mmoja.

Hadithi hii unaijua, nyumbani tunaitania, Shangazi Mwanahawa mpaka leo akiona andazi ananiuliza kama ni langu. Ila tumeitania sana mpaka nahisi umeichukua kama kichekesho kilichopita. Huko bwenini utakuta msichana mwenye kikaratasi chake. Yupo, popote penye wasichana yupo. Atakwambia wewe mzuri ila umepungua hapa na hapa, chukua viwili tu. Hatakuwa mbaya, atakuwa na huruma kama niliyokuwa nayo mimi. Mpe korosho, hizo nilizokaanga leo nimezijaza mfuko mzima kwa ajili ya wenzako, ule nao mcheke, na kikaratasi chake mrudishie. Na ikitokea siku umeumwa, daktari wa Songea akasema anataka kukupa steroidi, usiruke na kumwita muuaji. Mwonyeshe kadi, aongee na wa kwako. Hizo zinatoka kabatini kwa mkono wa anayejua kwa nini anazitoa na lini anazirudisha. Mkono wangu haukuwa huo. Wa rafiki yako wa bwenini pia siyo.

Nimejifunza kwamba mimi nikipenda sifa huwa siulizi. Ndipo hapo hasa penye ubovu wangu, kwingine mimi ni mtu mzuri tu, muulize mama yako akiwa amekula. Wewe umenirithi mdomo na mcheko, na hivyo ni vyako, vitakupatia marafiki kabla basi halijafika Masasi. Siogopi kukuacha uende. Una akili mara tatu ya zangu, una moyo, una miguu. Nakuona umemaliza shule, nakuona umekuwa mtu, na mimi nimezeeka nakutaja kijiweni mpaka wanikimbie. Nakuona kabisa. Kinachonisumbua ni zile jioni za Mikindani na lile jibu ulilonipa, kwa sababu lile jibu nilikufundisha mimi.

Basi sikia, na hili usilisome kwa sauti mbele ya wenzako.

Ini langu lilikataliwa.

Kule India wa kwanza kupimwa alikuwa mama yako, damu yake ikaonekana hailingani na yako. Nikaingia mimi kifua mbele, na kile kitambi nilichokuwa nacho, unakikumbuka, nilikuwa nakipiga kama ngoma. Wakanilaza kwenye mashine. Yule daktari akatoka, akamwambia Mama Rukia, na Mama Rukia akanivuta pembeni kunigeuzia maneno. "Anasema ini lako limejaa mafuta, Baba Zena. Hawezi kulikata. Halifai." Wewe macho yako yalikuwa na rangi ya kiini cha yai, hata kunitambua ulikuwa unachelewa. Nikauliza kama linaweza kufaa. Akasema labda, nikipungua upesi, na kama mtoto atasubiri. Hakuniahidi kwamba utasubiri.

Nikala kabichi ya kuchemsha. Nikapanda na kushuka ngazi za ile nyumba tuliyopanga mpaka Wahindi wakadhani nina wazimu. Siku moja njaa ikanizidi, nikanunua sambusa, nikajificha nayo nyuma ya lango. Mama yako akanikuta imeshafika mdomoni. Hakupiga kelele. Akasema, "Hamisi, ukiila hiyo umemla mwanao." Nikaitema. Nililia pale langoni, mimi, mtu wa Nacala na Bombei. Nikapimwa tena, bado. Nikarudi kwenye ngazi. Nikapimwa mara nyingine, wewe ukiwa umeshaacha kuitika, ndipo daktari akasema sasa linafaa, kesho asubuhi.

Kupimwa mara moja hakukuwepo. Lile neno la "ni huyu huyu" halikuwepo. Ile bahati niliyojisifia huko juu, ambayo umesema umeirithi, sina. Sijawahi kuwa nayo. Nilidanganya.

Baba yako,
Hamisi